Maswali yenu: Ukoka, majani ya mpera na mwarobaini kwa kamba na kaa, kipi kinasaidia kipi kinaua?

Maswali ya kamba na kaa yamejaa kwenye sanduku letu kwa hiyo safu ya leo yote nawapa wafugaji wa maji chumvi, watu wa kuku na sato mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Kutoka Bagamoyo

*Shikamoo mtaalamu. Mi na wenzangu watatu tumechimba bwawa dogo la kamba miti nyuma ya mikoko, tunategemea kuweka vifaranga baada ya masika. Sasa kuna video inazunguka kwenye simu inasema ukichanganya majani ya mpera au ukoka kwenye chakula basi virusi vya madoa meupe havimgusi kamba wako hata jirani yako wakifa wote. Wengine wanasema ni maneno ya watu wanaouza unga wa mimea. Tunaomba utuambie ukweli kabla hatujaingiza hela, na je kwani hakuna chanjo?*

Marahaba mwanangu, na hongereni sana kwa kuuliza mapema maana wengi wananiandikia siku ambayo kamba wameshaanza kulala pembeni ya bwawa na hapo mi sina la kuwasaidia.

Tuanze na adui mwenyewe. Kirusi cha madoa meupe kilianza kuonekana Taiwan na Uchina mwaka 1992, 1993 kikawa kimeshafika Japani, kikazunguka Asia, 1995 kikaingia Marekani kule Texas na 1999 kikapiga Ekuador ambako ufugaji wa kamba ulikuwa biashara ya nchi nzima. Kikiingia bwawani kamba wanaacha kula, wanakuja juu wanazubaa kingoni, mwili unaweza kugeuka mwekundu, na kwenye gamba hasa la kichwani unaona vidoa vyeupe vya nusu milimita hadi milimita 2, halafu ndani ya siku 3 hadi 10 unaweza ukapoteza karibu bwawa zima. Yaani jasho la miezi minne linaondoka kwa wiki moja.

Chanjo, hapana, na sababu yake ndo inaeleza kwa nini watu wamekimbilia mimea. Kuku ukimchanja kideri mwili wake unamkumbuka yule adui, unatengeneza askari maalumu wa kumsubiri. Kamba hana hiyo kumbukumbu ya namna ile, hatengenezi kingamwili kabisa. Kinga yake ni ya papo kwa papo, seli za damu zinammeza mgeni, damu inaganda haraka pale palipoumia, na kuna kimeng'enya kinapageuza mahali hapo pakawa peusi, we mwenyewe utakuwa umeshaona kamba mwenye alama nyeusi kwenye gamba lililochubuka, ile ni kinga imefanya kazi yake. Kwa hiyo wataalamu wakasema kama hatuwezi kumfundisha kamba kumjua adui basi tuamshe hiyo kinga ya jumla iwe macho muda wote, na njia rahisi ya kufanya hivyo kwa kamba laki moja walioko majini ni kupitia chakula tu, huwezi kumshika mmoja mmoja umpige sindano.

Sasa video yenu haikuzua kutoka hewani. Mwaka 2007 watafiti wa chuo cha C. Abdul Hakeem kule Melvisharam, jimbo la Tamil Nadu nchini India, walitoa matokeo ya kupima mimea 20 ya dawa za kienyeji za kwao dhidi ya kirusi hiki, na katika hiyo 20 mitano ndo ikaonyesha nguvu. Humo mlikuwa na Cynodon dactylon ambao kwetu ndo ukoka unaotambaa viwanjani, karela ile chungu ya mboga, Lantana camara yenye vimaua vya rangi mbili tatu inayovamia mashamba, Phyllanthus amarus ambao ni mmea mdogo wa porini, na mti wa bael ambao huko kwao unaheshimika sana. Mwaka 2008 wakaendelea na ukoka peke yake, wakatia dondoo yake, yaani kiini kilichotolewa kwenye mmea, kwenye chakula cha punje kwa kiasi cha asilimia 1 na asilimia 2 wakawalisha kamba miti kisha wakawaambukiza, na ukoka ukawakinga vizuri ukilinganisha na wale waliokula chakula kitupu.

Kabla ya hao, 2006, kundi jingine la Tamil Nadu lilichanganya mimea mitano sawa kwa sawa, ukoka na bael tena wakiwemo, wakawalisha kamba wa gramu 8 kwa siku 25 ndipo wakawaambukiza. Wale wa chakula kitupu walikwisha wote ndani ya siku 7. Wale waliokula dozi kubwa kuliko zote, miligramu 800 kwa kilo ya chakula, asilimia 74 walibaki hai. Mi nikisoma namba hizo nafurahi kweli, siwezi kuficha, lakini naomba mzisome vizuri, miligramu 800 ni chini ya gramu moja kwa kilo, na asilimia 74 maana yake ni kwamba kwenye hiyo dozi bora kabisa bado kamba mmoja katika kila wanne alikufa. Kwa hiyo yule anayesema havimgusi anawadanganya.

Na majani ya mpera nayo yana historia, Thailand walishayapima miaka ya 1990 dhidi ya kirusi kingine kinaitwa kichwa njano, na Uchina wamewalisha kamba miti majani hayo wakaona ukuaji na kinga vinapanda. Kwa hiyo si uchawi.

Shida iko hapa. Hao watu wa India hawakukata ukoka wakautupa bwawani. Walikausha, wakasaga, wakatoa dondoo, kwa ule mchanganyiko wa mimea mitano walitumia methanoli ambayo ni sumu ya kupofusha mtu, msijaribu jikoni jamani, kisha wakaiondoa na kilichobaki ndo kikaingia kwenye chakula kwa vipimo. Jani bichi la uwanjani kwako halina nguvu ile ile, leo limekatwa kwenye kiangazi kesho kwenye masika, udongo tofauti, umri tofauti. Halafu majani mabichi yakioza kwenye bwawa yanakula hewa ya maji usiku na asubuhi mnakuta kamba wamekufa kwa kukosa oksijeni mnasema ni virusi. Na jambo la tatu ambalo mi naliona kubwa kuliko yote, kwenye majaribio hayo ya kulisha kamba walianza wakiwa safi, wasio na kirusi, wakala dawa KWANZA ndipo adui akaja. Nyie mkinunua vifaranga ambavyo tayari vina kirusi hata mkiwalisha ukoka kwa sinia la dhahabu mmeshachelewa.

Kwa hiyo hela yenu ya kwanza isiende kwenye unga wowote, iende kwenye vifaranga vilivyopimwa kwa PCR, kile kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, na mkipewa karatasi ya kipimo angalieni tarehe na namba ya kundi la vifaranga msije mkapewa karatasi ya mwaka juzi. Ya pili iende kwenye kuchuja maji kwa wavu mwembamba na kuyatuliza kwenye bwawa la akiba siku kadhaa kabla ya kuyaingiza, maana kwenye maji ya bwawa kirusi bila mwenyeji kinadumu kama siku 3 au 4 hivi ingawa maabara wamekiweka hai mwezi mzima. Ya tatu, kizuizi cha kaa kuzunguka bwawa, hata cha nailoni tu cha nusu mita, kaa anatembea usiku kutoka mikokoni na anabeba kirusi bila yeye kuumwa. Mkishafanya hayo hela ikabaki, hapo ndo tuzungumze mimea.

Kutoka Temeke

*Habari. Nilinunua kamba feri nikaona kama vidoa vyeupe kwenye gamba, nikawatupa wote. Nilikosea? Nina watoto wadogo.*

Pole kwa hasara. Kirusi hiki hakimuumizi binadamu kabisa, ni cha kamba, kaa na ukoo wao. Halafu sio kila doa jeupe ni ugonjwa, maji yenye chokaa nyingi na hata bakteria wengine wanaacha alama kama hizo, na kamba aliyegandishwa barafu vibaya naye anapauka. Cha kuangalia ni harufu na ubichi. Ila nakuomba kitu kimoja, maganda na vichwa visitupwe baharini wala visifanywe chambo, kule Australia mwaka 2016 ugonjwa uliibuka kwenye mashamba ya mto Logan na moja ya njia walizozitilia shaka ni kamba wa kuagizwa waliotumiwa kama chambo cha kuvulia. Fukia au tupa kwenye taka za nchi kavu.

Kutoka Kilifi

*Salamu sana dadangu. Sisi ni kikundi cha kina mama, twanenepesha kaa koko kwenye vizimba humo mikokoni, hununua wale wepesi kwa wavuvi tukawalisha wiki chache wakajaa nyama tukauza mahotelini. Msimu huu wamekufa kwa mkupuo baada ya mvua kubwa, na mwenzetu mmoja ashaanza kutwanga majani ya mwarobaini akawachanganyia na samaki, asema mwarobaini ni dawa ya maradhi arobaini. Yafaa ama haifai?*

Salama dada zangu. Mwambieni mwenzenu aache leo, asingoje kesho.

Mwarobaini nauheshimu kama nyinyi, nimelelewa nao. Lakini kitu kinachoufanya uwe dawa ya wadudu shambani ni kemikali inayoitwa azadirakitini, na kazi yake moja kubwa ni kuvuruga homoni ya mdudu ya kujivua gamba. Sasa kaa naye hukua kwa kujivua gamba, na homoni yake ni ya ukoo ule ule, kaa na kamba na panzi ni ndugu kwa namna hiyo. Ukimlisha kaa kitu kilichotengenezwa na Mungu kuzuia mdudu kujivua gamba basi umemtilia sumu pale pale anapoishi. Pareto ndo mbaya zaidi, pareto hata kidogo sana kwenye maji huua kamba na kaa, kwa hiyo mtu akiwaletea dawa ya asili ya maua ya nyanda za juu mkataeni. Na sisi watu wa pwani tunaijua utupa, ni mti, ni wa asili kabisa, na wazee waliutumia kulewesha samaki. Neno asili lisitupumbaze dada zangu, kila mmea una kazi yake na kaa hawezi kusema tumbo linamuuma.

Kuhusu hao waliokufa, kwa jinsi mlivyoeleza mi sianzi na kirusi. Kaa koko anashika kirusi cha madoa meupe kwa urahisi lakini mara nyingi anakibeba tu bila kufa, ndo maana wafugaji wa kamba wanamwogopa. Kufa kwa mkupuo baada ya mvua kubwa kwanza nauliza maji, mvua imeteremsha chumvi ghafla, tope limejaa kwenye vizimba, hewa imepungua, na kaa mliowanunua walikuwa wamefungwa kwa uzi jua kutwa wakafika wamechoka. Halafu kaa akijivua gamba wenzake humla, mkiwabana wengi kwenye kizimba kimoja bila vyumba mtapoteza wengi mkadhani ni maradhi. Nunueni kile kipimo cha chumvi cha mkononi, kikundi kizima kinatosha kimoja, mpime kabla ya kuweka kaa na kila baada ya mvua, na msimu wa mvua kubwa vizimba vishushwe kwenye mkondo wenye kina zaidi ama msinunue kaa wapya wiki hizo.

Mkitaka kujua kama kuna kirusi basi ongeeni na afisa wa uvuvi wa kaunti, awaelekeze namna ya kufikisha kaa wachache kwa watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, kule Mombasa wapimwe.

Na hii naisema kwa sababu najua hela ya kikundi inavyotafutwa, kwa kaa wa kunenepesha mi sioni faida ya kununua dawa ya mimea ya kuchanganya kwenye chakula. Yale majaribio mazuri ya kamba yalihitaji kulisha kwa siku 25 hivi kabla adui hajaja, nyinyi kaa wenu wanakaa wiki tatu nne wakaondoka, kinga ikianza kuamka kaa yuko sahanini hotelini. Bora hela hiyo mnunue samaki wabichi safi wa kulishia, na msiwalishe vichwa vya kamba hata mkipewa bure, hiyo ndo njia ya mkato ya kuingiza kirusi kizimbani.

Kutoka Pemba, Cabo Delgado, Msumbiji

*Kwa mhariri wa safu. Baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la kamba Quelimane mpaka ugonjwa ulipokuja akarudi nyumbani bila kazi. Nataka kujua ilikuwaje, na kama wangekuwa na hizi dawa za majani ingeweza kuzuilika.*

Ndugu yangu, swali lako limenigusa maana nyuma ya kila bwawa lililokauka kuna familia kama yenu.

Mpaka 2011 upande wetu huu wa Bahari ya Hindi tulikuwa tunajisifu kwamba hatuna madoa meupe, kamba wa Msumbiji na Madagaska waliuzwa Ulaya kwa bei nzuri kwa sifa hiyo. Mwaka 2011 ugonjwa ukapiga Quelimane, 2012 ukafika Madagaska. Kabla kidogo ulikuwa umeshapiga Saudia kwenye mashamba ya Bahari ya Shamu. Watafiti waliposoma vinasaba vya virusi wakatoa matokeo 2013 kwamba virusi vya Saudia, Msumbiji na Madagaska ni ndugu wa karibu sana kuliko walivyo na vile vya kwingine, yaani inaonekana ni ukoo mmoja ulizunguka bahari yetu. Kwa nini nakueleza hivyo, kwa sababu watu wa Mafia, Bagamoyo, Malindi waelewe kwamba hiki si kitu cha Asia, kiko kwenye bahari hii hii.

Je majani yangezuia? Sidhani, na sitaki kukupa faraja ya uongo. Kamba wa pale walikuwa wa uzao ambao haujawahi kukutana na kirusi hiki, na mashamba ya kamba yanaendeshwa kwa maji yanayovutwa kutoka mto na bahari ambamo kamba mwitu na kaa nao wanaambukizwa. Kwenye hali kama hiyo mimea ingeweza labda kupunguza idadi ya vifo kwenye baadhi ya mabwawa na kumpa mfugaji siku chache za kuvuna kilichobaki. Walionyanyuka baada ya pigo, Ekuador kwa mfano, walinyanyuka kwa kuzalisha kutokana na kamba walionusurika kizazi baada ya kizazi, na Saudia walibadilisha aina ya kamba wakaleta mbegu iliyothibitishwa haina virusi. Kazi ya miaka, si ya mfuko wa unga. Msalimie sana mzee.

Kutoka Wete, Pemba

*Assalamu alaykum. Mie ni mkulima wa mwani. Nimesikia mwani nao unawakinga kamba na maradhi, jee huu wetu wa spinosum na cottonii unafaa kuuzwa kwa wafugaji wa kamba? Bei ya mwani imetuchosha.*

Waalaykumu salaam dada. Uliyosikia ni kweli lakini mwani uliosemwa si huo wako. Sukari yenye sifa hiyo inaitwa fukoidani na inapatikana kwenye mwani wa rangi ya kahawia. Wajapani mwaka 1998 walitoa matokeo ya kuwalisha kamba wa kuruma, aina wanayoifuga kwao, fukoidani ya mwani wa Okinawa unaoitwa mozuku, ukawapunguzia vifo vya madoa meupe, na wengine wakaendelea na Sargassum, ule wa kahawia wenye vipovu vya hewa unaoletwa na bahari ukajaa pwani mpaka mnaukanyaga. Spinosum na cottonii mnaolima tangu 1989 ni mwani mwekundu, ndani yake mna karajinani. Hiyo nayo imejaribiwa kwa kamba dhidi ya bakteria, ila kwa virusi ushahidi mzuri uko upande wa wale wa kahawia.

Hata hivyo usikate tamaa, nafasi yako naiona mahali pengine. Kamba hali chakula kama samaki alavyo, samaki anameza punje, kamba anaishika kwa miguu anaitafuna kidogo kidogo hata saa nzima, na muda wote huo dawa uliyotia inayeyuka kwenye maji. Karajinani ni gundi nzuri ya kushika chakula kisisambaratike. Kwa hiyo mwani wako ukisagwa vizuri, ukasafishwa mchanga na chumvi ya juu, unaweza ukawa ndo kinachoishikilia dawa ya mwingine. Nendeni kwa pamoja kama ushirika kwa wanaotengeneza chakula cha samaki mkawaulize wanahitaji kiasi gani na unga wa aina gani, na kabla ya kuvuna Sargassum kwa wingi ulizeni idara ya uvuvi maana ule mwani ni nyumba ya samaki wadogo.

Kutoka Mkuranga

*NAOMBA JIBU HARAKA. Kamba wangu tangu juzi hawali, leo asubuhi nimetoa waliokufa ndoo mbili, wana madoa. Nimeambiwa nichemshe kitunguu saumu na tangawizi nichanganye na chakula na nitie na vidonge vya antibaotiki. Nifanye nini??*

Pole sana ndugu yangu, nimekupigia simu tayari ila naweka hapa na wengine wasome.

Kamba hawali, basi dawa ya kwenye chakula itaingiaje? Hilo tu linatosha. Kitunguu saumu kinasaidia upande wa bakteria, kwa kamba mzima anayekula. Antibaotiki haiui kirusi chochote, na zingine kama kloramfenikoli zimepigwa marufuku kwa wanyama wa kuliwa, miaka ya 2001 na 2002 Ulaya walizuia shehena za kamba kutoka Asia kwa sababu hiyo hiyo, utajiharibia na utatuharibia wote.

Funga mlango wa maji sasa hivi, usitoe tone kwenda mtoni, jirani zako wanavuta maji hayo hayo. Toa waliokufa kila saa kadhaa, fukia na chokaa mbali na maji. Usihamishe wavu, ndoo wala buti kwenda bwawa jingine. Mwite afisa uvuvi leo hii, ugonjwa huu uko kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani na unatakiwa kuripotiwa, hufungwi kwa kuripoti. Waliobaki wakiwa wameshafika saizi ya kuuzika mnaweza kuvuna haraka kwa idhini yake wakapikwa hapo hapo, kirusi hakivumilii moto, nyuzi 60 tu dakika moja haifiki kimekufa. Maji yatiwe klorini kwa kipimo atakachokupa, yakae, ndipo yatoke.

Kutoka Muscat, Oman

*Shikamoo. Nina ndugu Mafia anaanza kufuga kamba na mimi ndo natuma pesa. Huku nimekutana na muuzaji ana mifuko ya unga wa mimea ya kulishia kamba, imetoka India, anasema kilo moja kwa tani ya chakula. Nawezaje kujua ni kizuri, na kinachanganywaje?*

Marahaba. Kwanza umwambie ndugu yako asome jibu la Bagamoyo hapo juu, vifaranga na maji kwanza.

Mfuko wenyewe uusome kabla hujalipa. Uwe na majina ya mimea yaliyoandikwa, na majina ya kisayansi, siyo "mimea 12 ya siri". Uwe na tarehe ya kutengenezwa, namba ya kundi, kiasi cha kuchanganya, na karatasi ya maabara kwamba hauna antibaotiki iliyofichwa ndani, hili naliwekea mkazo kwa sababu unga wa mimea unaofanya miujiza ya ghafla mara nyingine siri yake ni kidonge kilichosagwa. Akisema unatibu madoa meupe, ondoka. Akisema unasaidia kinga na unalishwa kabla, endelea kumsikiliza. Angalia na hesabu yake pia, kilo moja kwa tani ni gramu moja kwa kilo ya chakula, kama ni dondoo iliyokolezwa kiasi hicho kinaeleweka ukikumbuka zile miligramu 800, lakini kama ni majani yaliyosagwa tu gramu moja kwa kilo ni sawa na bure. Kwa hiyo muulize swali hilo moja, hii ni dondoo au ni majani yaliyosagwa? Na kabla ya kuusafirisha ndugu yako aulize uvuvi na mamlaka za hapa kama unaruhusiwa kuingia, chakula na dawa za mifugo vina kibali chake.

Kuchanganya si kazi ngumu. Unga unakorogwa kwenye maji safi kidogo, unanyunyiziwa kwenye chakula cha punje huku mtu anageuza, unaachwa unyonywe, kisha juu unapakwa mafuta ya samaki kidogo au ute wa yai ili dawa isitoke majini, halafu unaanikwa kivulini mpaka ukauke, juani nguvu inapotea. Tengeneza cha siku moja au mbili tu, unyevu wa Mafia unaleta ukungu na ukungu wa chakula ni sumu nyingine. Wengi wanalisha kwa vipindi, wiki kadhaa kisha wanapumzisha, maana kuichokonoa kinga kila siku msimu mzima kunaweza kuichosha, na vipindi vya kulisha uvipange kabla ya hatari, yaani kabla ya mvua kubwa na kabla ya maji kupoa wakati wa kusi, kirusi hiki kinafanya kazi mbaya zaidi maji yakipoa na kinazidiwa maji yakipita nyuzi 32.

Na asianze na bwawa zima. Achukue vizimba vidogo sita vya wavu ndani ya bwawa hilo hilo, kamba idadi sawa na saizi sawa, vitatu wale chakula chenye unga na vitatu chakula kitupu, kwa mwezi mmoja. Awapime uzito kila wiki, aandike chakula kilichobaki kwenye sinia la kulishia na waliokufa, kwenye daftari siyo kichwani. Jaribio hilo halitamwambia kama unga unazuia virusi, hilo linataka maabara iliyofungwa na ASIJARIBU kabisa kuleta kamba mgonjwa ili apime, nimeshaulizwa hivyo na mtu mzima. Litamwambia kama kamba wanaukubali, kama wanakua sawa, kama wanajivua gamba vizuri bila kukwama. Wale wa unga wakila kidogo kuliko wenzao au gamba likikwama, anitumie picha na jina la mimea iliyoandikwa kwenye mfuko, na mfuko wa pili usiununue kwanza.